Hamira Ndani ya Damu

"Sista mwanangu, hamira yaingiaje ndani ya damu ya kitoto hiki?" Swali hilo niliulizwa na bibi mmoja wa Mambrui, saa mbili za usiku, mlangoni mwa wodi ya watoto wachanga hapa Malindi, na aliniuliza hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemtajia hamira. Neno la kwanza nililotumia, fangasi, halikumfikishia uzito wa habari. Kwake yeye, kama kwa watu wengi wa pwani, fangasi ni choa cha kichwani mwa mtoto wa chuoni, ni mwasho wa baina ya vidole vya miguu msimu wa mvua, ni utando mweupe wa mdomoni unaopakwa dawa ya rangi ya zambarau kisha ukasahaulika. Nilipomwambia kuwa mjukuu wake, mwenye umri wa siku 12 na uzani wa gramu 1,200, ana fangasi ndani ya damu na kwamba hali yake ni ya hatari, alinitazama kwa mashaka, kama mtu anayedhani kuwa anafichwa ugonjwa wenyewe. Binti yake, mama wa mtoto, huuza mahamri asubuhi. Ndipo nikasema hamira.

Mfano huo haukuwa wa kumridhisha mzee tu. Kandida, ambayo ndiyo kuvu, yaani fangasi, inayoingia damuni mwa watoto waliolazwa mara nyingi kuliko kuvu nyingine, ni chachu, yaani ni kuvu ya chembe mojamoja inayozaana kwa kuchipua, kama ilivyo hamira ya dukani, ingawa hizo mbili ni za koo tofauti. Kandida huishi mdomoni, tumboni, ukeni na juu ya ngozi za watu wenye afya bila kuwadhuru. Mtoto huipata kwa mama yake anapozaliwa, au huipata baadaye kwa mikono yetu sisi wahudumu. Kwa kawaida haina pa kupita, kwa sababu ngozi imeziba, utumbo umeziba, bakteria wa tumboni wamejaa na wanashindania nayo chakula kilekile, na chembe nyeupe za damu zimekaa macho. Hospitali ndiyo inayofungua milango hiyo mmoja baada ya mwingine, na huifungua kwa nia ya kuokoa maisha. Mtoto aliyezaliwa na wiki 30 za mimba ana ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Tunampitishia mrija kwenye mshipa wa kitovu ili apate maji na sukari. Tunampa dawa za kuua bakteria kwa sababu tunahofia sepsisi, yaani maambukizi makali ya damu, nazo hufagia tumbo lote, wema na wabaya pamoja. Akiwa mahali penye uwezo wa kumlisha kwa mshipa, hulishwa kwa mshipa, na kandida hupenda mrija unaopitisha sukari na mafuta. Kwa hiyo nilimjibu yule bibi kwa kadiri ya ukweli nilioujua: milango tuliifungua sisi, kwa kuwa bila kuifungua mtoto asingefika siku ya 12, na sasa kazi yetu ni kuifunga.

Ninaandika makala haya kwa ajili ya wazazi, na kwa ajili ya wauguzi na maafisa wa tiba wenzangu wa Malindi, Lamu na Tana River, kwa sababu ugonjwa huu hutibika zaidi kuliko watu wanavyodhani, na ninaamini kwamba wengi wa watoto tunaowapoteza hatuwapotezi kwa kukosa dawa ya ajabu. Tunawapoteza katika mambo matatu ya kawaida sana: kutoshuku mapema, kuuacha mrija ndani, na kukosea kuhesabu siku.

Nimeyashuhudia makosa yote hayo kwa mtoto mmoja. Ilikuwa miaka mingi iliyopita, katika hospitali nyingine ambayo sitaitaja, nami nikiwa muuguzi mpya. Mtoto wa kiume, aliyezaliwa kabla ya kutimia, alikuwa kwenye dawa za bakteria za daraja la pili kwa siku nane, na badala ya kupata nafuu alizidi kulegea. Damu yake ilipelekwa kuoteshwa, yaani kuwekwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu ionekane kama kuna kitakachoota. Jibu lilirudi likisema kuwa chachu imeonekana katika chupa. Aliyelipokea alisema kuwa huo ni uchafu wa ngozi ulioingia wakati wa kuchoma sindano, akaamuru damu nyingine itolewe na kusubiriwa. Zikapita siku mbili. Dawa ya kuvu ilipoanzishwa, mrija ulibakizwa kwa sababu mishipa ya mikono ilikuwa imekwisha kuchomwa yote na hakuna aliyetaka kuhangaika tena. Alfajiri ya siku iliyofuata akafariki, na mama yake akaambiwa kuwa ni maambukizi ya kawaida ya watoto wasiotimia.

Kuna bakteria wa ngozi ambao, wakionekana katika chupa moja tu, daktari ana haki ya kuuliza kama ni uchafu. Kandida haimo katika hesabu hiyo. Miongozo ya tiba ya ugonjwa huu inakubaliana kwamba kandida ikionekana ndani ya damu, hata katika chupa moja, hata mara moja, ni ugonjwa, na inatibiwa siku hiyohiyo. Lau ningelijua hilo wakati ule, ningelisema, hata kama nilikuwa mdogo wa wote chumbani.

Shida ya kushuku mapema ni kwamba mtoto mchanga hana namna nyingi za kuugua. Akiwa na bakteria, akiwa na kuvu, akiwa na baridi tu, dalili hufanana: joto hupanda au hushuka, huacha kunyonya, tumbo hujaa, husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, rangi hubadilika. Ninachowafundisha wanafunzi ni kutazama mkusanyiko wa mambo. Mtoto ana uzani chini ya gramu 1,500, amekaa wodini zaidi ya wiki, ana mrija, amepewa dawa kali za bakteria kama seftriaksoni au seftazidimu au meropenemu, hapati nafuu, kisha kipimo cha damu kinaonyesha kuwa chembe zinazogandisha damu zimeshuka ghafla na sukari imepanda bila sababu: mtoto huyo ana kuvu mpaka ithibitishwe kuwa hana. Kwa watoto wakubwa zaidi, walio hatarini ni wale waliopasuliwa tumbo, walioungua sehemu kubwa ya mwili, wenye utapiamlo mkali, na wale wanaotibiwa saratani, ambao chembe zao nyeupe zimeshushwa na dawa.

Kipimo chenyewe ni kuiotesha damu. Tunasafisha ngozi, tunangoja ikauke, tunatoa angalau mililita moja, jambo ambalo kwa mtoto wa gramu 1,200 si dogo, na tunaiingiza katika chupa yenye chakula cha vijidudu. Chupa huwekwa kwenye mashine yenye joto la mwili. Hapa ndipo yule bibi aliponielewa moja kwa moja. Mashine haioni kijidudu. Inachokipima ni hewa ya kaboni inayotolewa na kijidudu kinapokula sukari, na hewa hiyo ndiyo ileile inayoumua unga wa mahamri uliofunikwa kitambaa usiku. Nikamwambia kuwa damu ya mjukuu wake imeumuka ndani ya chupa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi iuweni kabla haijaumua na moyo."

Lakini chupa isipoumuka, hilo halimtoi mtoto hatarini. Tafiti zilizolinganisha kipimo hiki na ushahidi wa viungo vyenyewe zimeonyesha kuwa hukosa takriban nusu ya maambukizi ya kandida yaliyoingia ndani ya mwili, kwa sababu kuvu huweza kuwa imejificha katika figo au ini, au damu iliyotolewa ilikuwa kidogo mno. Ndiyo maana kwa mtoto mwenye ule mkusanyiko nilioutaja, akiwa katika hali mbaya, dawa huanzishwa kwa kushuku, na uamuzi wa kuendelea au kuacha hufanywa baadaye. Kungoja jibu la siku tatu kabla ya dozi ya kwanza ni kumwachia ugonjwa siku tatu.

Watu huniuliza kwa nini dawa za bakteria, ambazo ni nyingi na kali, haziui kuvu. Jibu ni kwamba kuvu iko karibu nasi kuliko bakteria. Chembe yake ina kiini kama chembe ya binadamu, na mitambo mingi ya ndani ni ya aina moja na yetu, hivyo sumu inayoiua kuvu huelekea kutudhuru na sisi. Wanasayansi wamepata nafasi chache tu za kuipiga. Utando wa chembe ya kuvu una ergosteroli pale ambapo wetu una kolesteroli, na ganda lake la nje lina glukani ambayo sisi hatuna kabisa. Kwa nafasi hizo chache tunayo makundi matatu ya dawa yanayotumika hasa kwa damu: amfoterisini, inayoishika ergosteroli na kuutoboa utando, flukonazoli na ndugu zake, zinazozuia ergosteroli isitengenezwe, na ekinokandini, kama vile mikafungini na kaspofungini, zinazozuia ganda lisijengwe. Nistatini, ambayo mama wengi wanaijua kwa matone ya mdomoni, haimo, kwa sababu haipiti kutoka tumboni kuingia damuni. Nimewahi kukuta mtoto mwenye kandida ya damu akitiwa nistatini mdomoni kana kwamba inatosha. Inatibu utando wa mdomo, basi.

Kwa mtoto mchanga, dawa ya kwanza ni amfoterisini ya kawaida, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzani, mara moja kwa siku. Ni dawa ya miaka ya 1950, iliyotokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa karibu na mto Orinoco huko Venezuela, na watu wazima wanaiogopa kwa sababu huwatetemesha na kuwaharibia figo. Watoto wachanga huivumilia vizuri zaidi kuliko wazazi wao. Flukonazoli ni mbadala mzuri, dozi ya kuanzia miligramu 25 kwa kilo, kisha 12 kwa kilo kila siku, kwa mtoto ambaye hakuwahi kupewa flukonazoli ya kinga na ambaye kuvu yake inajulikana kuwa haijawa sugu. Ekinokandini, ambazo ndizo zinazotangulizwa kwa watoto wakubwa na watu wazima walio mahututi pale zinapopatikana, hazifiki vizuri kwenye ubongo wala machoni, na kwa mtoto mchanga ubongo ndio tunaouhofia zaidi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini baina ya kuwemo katika orodha na kuwemo katika kabati la hospitali ya pwani kuna safari ndefu, na bei yake ndiyo inayoirefusha.

Acheni nieleze jinsi dawa ya yule mtoto wa Mambrui ilivyochanganywa, kwa sababu mambo mengi huharibika hapo mezani. Kichupa cha amfoterisini kina miligramu 50 za unga wa manjano, na hukaa ndani ya friji. Unakitia mililita 10 za maji safi ya sindano, unakitikisa taratibu mpaka maji yawe mang'avu yenye rangi ya manjano, na sasa kila mililita ina miligramu 5. Mtoto anahitaji miligramu 1.2. Hiyo ni mililita 0.24, tone chache katika sindano ndogo kabisa, ambayo ukiisoma vibaya kwa mstari mmoja umempunguzia au umemzidishia kwa kiasi kikubwa. Kisha unaipanua kwa glukosi ya asilimia 5 mpaka ifike mililita 12, ili kila mililita ibaki na miligramu 0.1 tu, na unaiweka kwenye pampu ya sindano iende mililita 2 kila saa kwa saa sita. Dawa hii haichanganywi na mtu mmoja peke yake. Mmoja anasoma, mwingine anavuta, na namba huandikwa kabla ya sindano kuguswa.

Wala usiichanganye na maji ya chumvi. Hili nalieleza kwa wanafunzi kwa macho yao: naweka tone la dawa iliyobaki katika sindano yenye maji ya chumvi, na papo hapo maji yanafuka ukungu, kwa kuwa dawa imejitenga na kuganda chembechembe. Mrija ukisuuzwa kwa chumvi kabla au baada ya dawa, ukungu huo hutokea ndani ya mrija unaoelekea kwa mtoto. Tunasuuza kwa glukosi. Baba mmoja anayefanya kazi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni alinisikia nikisema hivyo akaniambia, basi dawa hii na chumvi hazipikiki chungu kimoja. Ni kweli, isipokuwa mwili wenyewe unaihitaji chumvi hiyohiyo: mtoto mwenye chumvi ya kutosha damuni figo zake huumia kidogo kwa dawa hii kuliko yule aliyepungukiwa. Basi tunampa chumvi yake kwa wakati wake na kwa njia yake, na dawa kwa wakati wake.

Figo na potasiamu hupimwa mara kwa mara muda wote wa tiba, kwa sababu amfoterisini huifanya figo imwage potasiamu na magnesi kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka sana moyo hupoteza mpigo wake. Mvulana wa miaka sita tuliyemtibu, aliyetobokwa na utumbo kwa homa ya matumbo akapasuliwa, kisha akapata kandida wiki ya pili, alishuka potasiamu mpaka miguu ikamlegea. Alikuwa ameshaanza kula. Mjomba wake alileta madafu kila asubuhi, naye daktari akayaruhusu, maana madafu yana potasiamu nyingi, ila hayakuchukua nafasi ya dawa ya potasiamu wala ya kipimo. Daktari aliyahesabu pamoja na vingine. Mvulana huyo, tofauti na watoto wachanga, alipigwa na kibaridi kikali kila dawa ilipoingia, meno yakigongana, na mama yake akidhani kuwa tunamuua. Tulimpa parasetamoli nusu saa kabla, tukapunguza kasi ya dripu, na kuanzia siku ya nne kibaridi kilipoa. Ningewaomba wenzangu wamweleze mzazi jambo hili kabla ya dozi ya kwanza. Mzazi aliyeonywa huvumilia pamoja nawe. Asiyeonywa huomba dawa iondolewe, na ana haki.

Sasa mrija. Kandida inapoushika mrija hujijengea juu ya plastiki utando mzito, mithili ya ute unaoganda ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa, na ndani ya utando huo dawa haifiki inavyopaswa. Kila damu inapopita inachukua mbegu mpya. Unaweza kumpa mtoto dawa sahihi kwa dozi sahihi na damu yake ikaendelea kuumuka kila inapopimwa, kwa sababu chanzo kiko palepale kitovuni. Mrija huondolewa mapema kadiri inavyowezekana. Kwa yule mtoto wa Mambrui tuliutoa usiku uleule. Ilituchukua karibu saa nzima, wauguzi wawili na tochi ya simu, kupata mshipa mwembamba nyuma ya mkono wa kushoto ambao ungekubali branula, ile sindano ya plastiki inayobaki mshipani, na tulichoma mara tano. Mama yake alitoka nje asione. Najua kwa nini watu huuacha mrija. Nimeshika mikono hiyo midogo na nikatamani kuuacha. Lakini nimeona pia kinachotokea unapoachwa.

Wakati huohuo tunatafuta mahali ambapo kuvu imekwisha kujificha. Kwa mtoto mchanga, uti wa mgongo huchomwa ili maji yake yapimwe, kwa kuwa kandida huingia kwenye ubongo bila kutoa dalili ya wazi, na macho hutazamwa na mtaalamu baada ya kupanuliwa mboni. Picha ya mawimbi ya sauti hupigwa tumboni, kwa kuwa katika figo kuvu huweza kujikusanya kuwa bonge linaloziba njia ya mkojo, na moyo hutazamwa pia, hasa kama damu haijawa safi baada ya siku kadhaa. Daktari wa macho si wa kupatikana kila siku katika miji yetu. Kwa mtoto anayetoka Lamu, ambaye familia yake imeshavuka maji mpaka Mokowe na kusafiri zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kufika Malindi, kumwambia mama kwamba sasa aende Mombasa kutazamwa macho ni jambo zito. Hata hivyo tunalisema, kwa sababu jicho lililoingiwa na kuvu hubadilisha muda wa tiba na wakati mwingine dawa yenyewe.

Nafika kwenye kuhesabu siku, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tiba ya kandida ya damu haiishi siku ya 14 tangu dozi ya kwanza. Huisha siku ya 14 tangu damu ya kwanza iliyokuwa safi, kwa mtoto ambaye dalili zimeondoka na ambaye hakuna kiungo kilichoingiwa. Palipoingiwa ubongo, moyo au jicho, muda huwa mrefu zaidi. Kwa hiyo damu lazima ioteshwe tena na tena, kila siku au kila baada ya siku moja, mpaka chupa ikae bila kuumuka. Usipotoa damu hizo za kurudia huna siku ya kwanza ya kuhesabia. Mtoto hupendeza mapema: siku ya tano ananyonya, rangi imerudi, tumbo limelainika, mama anauliza lini ataruhusiwa, na kitanda kinahitajika kwa mtoto mwingine. Hapo ndipo mkono huwa mwepesi kuandika kuwa dawa isimame. Nimepokea watoto wawili waliorudishwa baada ya tiba kukatizwa namna hiyo. Mmoja alirudi na kichwa kikiwa kimeanza kukua kwa maji ya ubongo.

Damu ya mtoto wa Mambrui ilioteshwa siku ya pili ya dawa, ikaumuka. Siku ya nne, ikaumuka, ingawa kwa kuchelewa. Siku ya sita chupa ilikaa kimya, nasi tukaiacha mashineni siku zake zote tano, ikabaki kimya. Basi siku ya sita ndiyo ikawa siku ya kwanza, na dawa ikaenda jumla ya siku 19. Mama yake, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nane, alizihesabu kwa mafundo ya uzi aliyofunga kwenye pindo la leso yake, na asubuhi moja muuguzi wa zamu aliporuka siku katika karatasi, yeye ndiye aliyesahihisha.

Ningependa kuongeza neno kuhusu mahali tulipo. Mji jirani wa Kilifi, katika kaunti yetu hii, ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako damu za watoto wote wanaolazwa zimekuwa zikioteshwa kwa utaratibu tangu 1998. Watafiti wa huko walipofuatilia watoto waliopata bakteria damuni wakiwa tayari wamelazwa, kati ya 2002 na 2009, walikuta kwamba zaidi ya nusu yao walifariki, ilhali kwa waliokuja na bakteria kutoka nyumbani ilikuwa takriban robo. Hesabu hiyo ni ya bakteria, si ya kuvu, lakini inasema wazi jinsi ugonjwa unaopatikana hospitalini ulivyo wa namna yake. Na kuvu ni ugonjwa wa hospitalini karibu kabisa.

Ndiyo maana nazungumzia mikono mpaka watu wanachoka. Kandida aina ya parapsilosisi husafiri kwa mikono ya wahudumu. Katika miji yetu mkono wa mwanamke una hina, una pete, una bangili za dhahabu alizopewa harusini, na siku hizi una kucha za kubandika. Hina haina neno. Pete, bangili na kucha za kubandika hubaki mlangoni, za muuguzi, za daktari, za mama na za shangazi anayekuja kumwona mtoto kwa dakika mbili. Tunapunguza pia dawa za bakteria: jibu la damu likiwa safi na mtoto ni mzima, zinasimama, hazimalizwi kwa mazoea. Maziwa ya mama huanza mapema, hata kwa matone, ili mrija utolewe mapema. Mtoto hukaa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, apate vijidudu vya nyumbani kwake badala ya vya wodini. Palipo na watoto wengi wa chini ya gramu 1,000 na ugonjwa umeenea, flukonazoli ya kinga mara mbili kwa wiki imethibitika kupunguza maambukizi.

Iko pia kandida aina ya aurisi, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka katika sikio la mgonjwa huko Japani, na ambayo imeshapatikana Kenya. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la juu kabisa la kuvu zinazohitaji kushughulikiwa kwa haraka. Nyingi kati yake hazisikii flukonazoli kabisa, hukaa kwenye reli za vitanda na vifaa kwa wiki kadhaa, baadhi ya dawa za kusafishia sakafu haziiui, na mashine za zamani za maabara huipa jina la kuvu nyingine. Maabara ikitoa jina lisilo la kawaida, au mtoto wa pili na wa tatu wakiugua kwa kufuatana, ni vyema kuomba kuvu ipelekwe maabara kubwa ikatambuliwe upya, na wodi isafishwe kwa klorini.

Katika wodi yetu nina daftari la jalada la kijani. Kila mtoto mwenye kandida ana ukurasa wake. Nazipanga tarehe za damu zilizoumuka kwa wino mwekundu, na ile ya kwanza iliyokaa kimya naipigia mstari, chini yake naandika 1. Ukurasa wa mtoto wa Mambrui unaishia 14; macho yake yametazamwa mara mbili na yako salama, na mwezi uliopita alikaa mwenyewe bila kushikwa. Ukurasa unaofuata ni wa mtoto wa kike kutoka Faza, aliyeko kitanda cha dirishani. Leo asubuhi nimemwandikia 9.